Waya Uliozimwa Si Waya Uliokufa

Umeme unapokatika Unguja au Pemba, jambo la kwanza kusikika ni sauti za watu wakiuliza utarudi lini. Swali hilo ni la haki. Samaki wanaharibika majokofuni, pampu za maji zinasita, wagonjwa wamo hospitalini, na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani na giza limeingia kabla ya watu kukaa kwenye futari, basi hata mtu mpole hupandisha sauti. Lakini liko swali la pili ambalo ni nadra kulisikia barazani au maofisini, nalo ni hili: yule kijana aliyepandishwa juu ya nguzo usiku, na mvua inamnyeshea, amehakikishiwa na nani kwamba waya anaoushika hauna umeme?

Leo tunataka kulizungumza swali hilo la pili. Hatulizungumzi kwa sababu ya ajali moja iliyotokea jana, bali kwa sababu kazi hii ina desturi mbaya ya kukumbukwa siku ya msiba na kusahauliwa baada ya hitima. Tunayaelekeza maneno haya kwa pande mbili: kwa wananchi wa visiwa hivi, ambao ndio watumiaji wa umeme na simu, na kwa wakubwa wa Serikali na mashirika, ambao ndio wenye kalamu ya kuamuru na mfuko wa kununulia vifaa.

Visiwa hivi si vigeni kwa waya. Waya wa simu za maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Aden kwenda Msumbiji na Durban ulitua Unguja mwaka 1879, na jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza hapa kwetu kupata taa za umeme. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1980, Unguja iliunganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Tangu hapo maisha ya kisiwa yakaning'inia kwenye uzi mmoja, na uzi huo ulipokatika tulijifunza mengi. Mwezi Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima. Mwezi Disemba 2009 giza lilirudi, likadumu hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013.

Mambo ya waya wa baharini yameandikwa sana na hatuna haja ya kuyarudia. Tunachotaka msomaji akiangalie ni kitu kilichobaki nyuma baada ya giza lile: jenereta. Kila aliyeweza alinunua. Hoteli zilinunua kubwa, maduka yalinunua za wastani, na nyumba nyingi za kawaida zilinunua zile ndogo za kubeba kwa mkono. Umeme uliporudi jenereta hazikutupwa. Zimewekwa chini ya ngazi na nyuma ya jiko, zinangoja. Na hapo ndipo ilipo hatari ambayo mafundi wa umeme wanaijua vizuri na wananchi walio wengi hawaijui kabisa.

Jenereta iliyofungwa sawasawa hupita kwenye swichi ya kugeuzia, ile ambayo mafundi wetu huiita chenjiova. Kazi ya swichi hiyo ni moja: nyumba ipokee umeme ama kutoka kwa Shirika ama kutoka kwenye jenereta, wala isiweze kamwe kupokea kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Lakini chenjiova ina bei, na fundi wa kuifunga ana ujira wake. Kwa hiyo wako watu wanaochukua waya wenye plagi mbili za kiume, ncha moja wakaitia kwenye jenereta na ya pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima ikawaka. Mwenye nyumba anafurahi, na majirani wanamwonea wivu. Asichokijua ni kwamba umeme ule, kama hakuzima swichi kuu, haukuishia kwenye taa zake. Umetoka nje kupitia mita, umefika kwenye nguzo, na umefuata waya hadi kwenye transfoma ya mtaa.

Na transfoma haibagui umeme unatoka upande gani. Ukiipa volti 11,000 kutoka juu, itakupa 400 kwa 230 za matumizi ya nyumbani. Ukiipa volti 230 kutoka chini, nayo itajaribu kukurudishia 11,000 juu. Hivyo jenereta ndogo ya nyumbani, ambayo mtoto anaweza kuivuta kamba ikawaka, inaweza kuupa uhai waya mkubwa ambao fundi, maili mbili mbali, ameambiwa kwamba umezimwa. Fundi huyo amefuata amri, swichi ya kituoni imefunguliwa kweli na mkubwa wake hakumdanganya, na bado anaweza kufa.

Wako watakaosema kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, italemewa na kuzimika. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na pengine ndiyo sababu hatuzikwi kila wiki. Lakini tuifikirie hali ya siku ya dhoruba. Mnazi umeanguka, waya umekatika karibu na nyumba hiyo hiyo, na mtaa wote uliobaki umetengana nayo. Mzigo uliobaki ni mdogo, jenereta inaubeba bila taabu, na fundi anayekuja kuunga waya uliokatika anaukuta ukiwa hai kutoka upande asioutazamia. Siku ambayo jenereta nyingi zaidi zinanguruma ndiyo siku ambayo mafundi wengi zaidi wako juu ya nguzo.

Umeme wa jua umeongeza mlango mwingine. Tunaupokea kwa furaha, na kisiwa chenye jua kama hili kingekuwa na kosa kutoutumia. Mashine nzuri za kubadilisha umeme wa jua zimetengenezwa zijizime zenyewe pale gridi inapokufa, lakini mashine yenye betri, ikifungwa na fundi wa kubahatisha, inaweza kufanya lile lile linalofanywa na plagi mbili za kiume, tena kimya kimya, bila ya mngurumo wa kumwonya mtu.

Jenereta si chanzo pekee cha waya uliozimwa kuwa na umeme. Waya uliolala sambamba na mwengine ulio hai huambukizwa umeme bila ya kugusana nao. Waya mrefu wa ardhini au wa baharini huhifadhi umeme ndani yake baada ya kuzimwa, kama mtungi uliofungwa mfereji lakini bado una maji, na visiwa vyetu vinategemea nyaya za namna hiyo kuliko mahali pengi. Na radi ikipiga Donge, waya huipeleka inakotaka, hata kama aliye juu ya nguzo anaona mbingu safi juu ya kichwa chake.

Kwa sababu hizo watu wa kazi hii, katika nchi zilizozika mafundi wengi kabla yetu, wamekubaliana juu ya utaratibu ambao hauna ufundi wa ajabu ndani yake. Waya hukatwa kutoka kila upande ambako umeme unaweza kuingia, si upande mmoja tu. Swichi iliyofunguliwa hutiwa kufuli na kibao chenye jina la aliyeifunga, ili asitokee mtu mwengine akairudisha kwa nia njema. Kisha waya hupimwa pale pale kazi inapofanyika, na kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza kwenye umeme unaojulikana, halafu kwenye waya, halafu tena kwenye umeme unaojulikana, kwani kipimo kilichokufa nacho husema kwamba waya umekufa. Baada ya hapo waya zote hufungwa pamoja na kuunganishwa na ardhi, kile ambacho mafundi huita ethi. Na ethi hufungwa kwanza upande wa ardhi, ndipo upande wa waya, kwa fimbo isiyopitisha umeme, na wakati wa kuifungua huanzwa upande wa waya. Mwisho, nyaya nyengine zilizo jirani na ambazo bado ziko hai huzibwa au hutengwa.

Katika hatua zote hizo, ethi ndiyo inayomlinda fundi dhidi ya lile asilolijua. Kufuli inazuia swichi inayojulikana. Kipimo kinamwambia hali ya waya dakika ile aliyoupima, hakimwambii lolote juu ya dakika ya baadaye, pale mwenye nyumba atakapochoka na giza akaenda kuvuta kamba ya jenereta yake. Waya uliofungwa ethi sawasawa pande mbili za mahali pa kazi, umeme ukija ghafla, hushuka ardhini na kuiangusha fyuzi au jenereta badala ya kupita kifuani mwa mtu. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii husemwa kwa ufupi kwamba waya ambao haukufungwa ethi uhesabiwe kuwa hai, hata kama umelala chini na kuku wanatembea karibu nao.

Ethi, hata hivyo, inataka muda. Inataka watu wawili watatu, inataka seti za nyaya nzito na vibanio visivyo na kutu, na inataka mara nyengine nusu saa kabla ya kazi na nusu saa baada yake. Hapo tunafika kwenye jambo ambalo linawahusu wakubwa, na tunaomba watuvumilie. Muda huo ndio wa kwanza kuliwa pale simu inapoanza kulia. Mkubwa fulani anampigia meneja, meneja anampigia mhandisi, mhandisi anampigia msimamizi aliye chini ya nguzo, na neno ni lile lile: haraka, watu wanalalamika. Hakuna katika mlolongo huo aliyemwambia fundi aache ethi. Kila mmoja amesema haraka tu. Lakini aliye juu ya nguzo anajua ni kitu gani peke yake kinachoweza kupunguzwa bila ya kuonekana kwamba kimepunguzwa. Taa zitawaka vile vile, na hakuna atakayeuliza.

Sisi tunaona kwamba iwekwe amri, na iandikwe, kwamba wakati kikosi kiko juu ya nguzo hakuna mtu wa cheo chochote, awe wa Shirika, wa Wizara au wa Baraza, atakayewasiliana na msimamizi wa kikosi hicho isipokuwa chumba kinachoendesha swichi. Wengine wote waulize kwenye ofisi ya habari. Na msimamizi awe na haki, bila ya kuhojiwa baadaye, ya kusema kwamba kazi hii leo haifanyiki kwa sababu ya upepo, mvua, giza au uchovu. Haki hiyo ikiwa kwenye karatasi tu, na mtu akaitumia mara moja akahamishwa, basi haipo.

Kuna na desturi ya kupatana saa. Msimamizi anamwambia mwenzake wa kituoni: nipe saa moja, ikifika saa nane washa. Kanuni za Ulaya kuhusu kazi za umeme zinaikataza desturi hiyo waziwazi, na kwa haki. Saa ya mmoja inaweza kuwa mbele, kazi inaweza kuchelewa, ngazi inaweza kukwama. Umeme urudishwe kwa neno la mtu aliyehesabu watu wake mmoja mmoja wakiwa chini, na neno hilo lirudiwe na aliyelipokea, si kwa mshale wa saa. Lakini neno hilo linapita wapi? Siku hizi linapita kwenye simu ya mkononi. Na minara ya simu nayo inakula umeme. Umeme wa kisiwa kizima ukikatika, minara huishi kwa betri na jenereta zake, na zikimalizika simu hunyamaza, wakati ule ule ambao kituo na nguzo vinahitaji kusikilizana kuliko siku yoyote. Simu ya upepo, ambayo wengi wanaiona chombo cha zamani, haina badala hapo. Kila gari la kikosi liwe nayo, na ikinyamaza, kazi isimame.

Tumewataja watu wa simu, na kwa kweli wao ndio waliotufanya tuiandike tahariri hii kwa urefu. Ajali za umeme watu huzifikiria kuwa ni za watu wa umeme. Lakini tembea Mji Mkongwe uangalie juu. Katika kichochoro ambacho punda na mkokoteni hawapishani, waya wa umeme, waya wa simu wa zamani, waya wa televisheni na waya mpya wa intaneti vimefungamana ukutani kama mizizi. Huko mashamba na ufukweni, nguzo moja inabeba vyote. Fundi wa simu wa zamani alizoea waya wenye volti 48 ambao ulimsisimua tu vidole. Fundi wa leo anabeba waya wa nuru, ambao kioo chake hakipitishi umeme hata kidogo, na hilo humfanya ajione yuko salama kabisa. Anasahau kwamba nyaya nyingi za namna hiyo zina uzi wa chuma wa kuzibebea, kwamba ngazi yake ikiwa ya alumini ni njia nzuri ya umeme, na kwamba anapourusha waya wake juu ya barabara anaweza kuurusha juu ya volti 11,000. Waya mkubwa hauhitaji kuguswa. Ukikaribiwa mno huruka wenyewe kumfuata mtu.

Marekani wana kanuni moja ya taifa ya usalama wa umeme, ambayo imekuwa ikirekebishwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na toleo lake la mwaka 2023 lina sehemu nzima ya kanuni za kazi. Sehemu hiyo, na hapa ndipo penye funzo, inawahusu pamoja wafanyakazi wa umeme na wafanyakazi wa mawasiliano. Inamtaka mwajiri amfundishe mtu hatari za kazi yake kabla ya kumpandisha, inamtaka mfanyakazi auhesabu waya kuwa hai mpaka ithibitike vyengine, na kanuni hiyo hiyo inaacha kwenye nguzo za pamoja nafasi ya kiasi cha mita moja kati ya nyaya za umeme zilizo juu na za mawasiliano zilizo chini, nafasi ambayo imewekwa mahsusi kwa ajili ya uhai wa fundi wa simu. Hatusemi tuichukue kama ilivyo. Nguzo zao si zetu na hali yao ya hewa si yetu. Tunasema kwamba wao walitambua kuwa mauti hayaulizi umeajiriwa na shirika gani.

Kwetu jambo hilo lina ugumu wake wa peke yake. Umeme wa Zanzibar ni mambo ya Zanzibar: Shirika la Umeme linafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2006, na Mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Posta na simu ni mambo ya Muungano, na makampuni ya mawasiliano yanapata leseni zao kwa mamlaka ya Muungano. Usalama wa wafanyakazi nao una sheria yake hapa hapa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005. Basi nguzo moja ya mti, iliyosimama Jambiani, inakutanisha mamlaka tatu. Katika mikutano kila moja inaweza kusema, kwa ukweli mtupu, kwamba sehemu fulani si yake. Fundi aliye juu ya nguzo hana anasa hiyo.

Hatudai sheria mpya. Baraza la Wawakilishi lina kazi nyingi, na sheria mpya aghalabu ni njia ya heshima ya kuahirisha jambo. Tunataka mamlaka hizo tatu zikae meza moja na zitoke na kitabu kimoja kidogo cha kanuni za kazi, kinachoingia mfukoni, kitakachomfunga kila anayepanda nguzo katika visiwa hivi, awe wa umeme, wa simu, wa televisheni au kibarua wa mkandarasi. Na kitabu hicho kiandikwe kwa Kiswahili. Tumeliona mara nyingi, katika kazi nyingi si hii peke yake, jalada zuri la kanuni limekaa kabatini kwa Kiingereza, na mtu ambaye kanuni zile zimeandikwa kwa ajili ya shingo yake hawezi kuzisoma.

Tumemtaja kibarua wa mkandarasi. Kazi ya kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo na kuvuta nyaya za mawasiliano mara nyingi hutolewa kwa mkandarasi, naye huitoa kwa mwengine, na huyo wa mwisho huwachukua vijana wa kijijini kwa siku mbili tatu. Kijana anapewa kamba, anaambiwa vuta. Hakuna aliyemwonyesha waya upi ni upi. Akifa, anaitwa si mfanyakazi wa yeyote. Mwenye kazi ya asili, yaani shirika au kampuni ambayo waya ni wake, awe ndiye mwenye kujibu, hata kama kati yake na yule kijana kuna wakandarasi wanne. Hilo linaweza kuandikwa kwenye mkataba kesho asubuhi, wala halihitaji msaada wa kutoka nje.

Juu ya vifaa tutasema machache. Glavu za mpira za umeme si glavu za kubebea mizigo. Zina daraja zake, na ile inayofaa volti 1,000 ni kitambaa tu mbele ya volti 11,000. Hupulizwa hewa kila siku kabla ya kuvaliwa ili kuona kama zimetoboka, na kwa kanuni za Marekani hupelekwa kupimwa kila miezi sita. Joto na jua huzila, na gari lililoegeshwa Paje mchana kutwa ni tanuri. Shati la nailoni au poliyesta, umeme ukilipuka, huyeyuka na kugandana na ngozi. Pamba ni afadhali, na nguo maalumu zisizoshika moto ni bora zaidi. Haya si mambo ya fahari. Mlipuko wa umeme una joto linalolipita joto la uso wa jua.

Ardhi yetu nayo inataka kufikiriwa. Upande wa magharibi wa Unguja na sehemu kubwa ya Pemba kuna udongo, na fimbo ya ethi huingia. Upande wa mashariki, kuanzia Makunduchi kwenda juu, ni mawe ya matumbawe, fimbo haizami ila kwa kuchimbiwa, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Ethi iliyofungwa pale kwa mazoea ya Mwera inaweza kuwa ni mapambo. Mhandisi anayeijua nchi hii apime, na aandike mahali gani kazi inahitaji utaratibu mwengine. Chumvi ya bahari inakula vibanio na vikombe vya nguzo kwa kasi ambayo mtengenezaji wa nchi za baridi hakuifikiria, na mchwa huila nguzo chini ya ardhi, mahali ambapo jicho halifiki. Kabla ya kupanda, nguzo igongwe kwa nyundo na ichokolewe shina. Ni dakika mbili.

Na mtu akishapigwa na umeme, dakika ndizo kila kitu. Moyo uliosimama hausubiri gari litoke Mnazi Mmoja wala Chake Chake. Asiguswe kabla umeme haujakatwa, lakini ukishakatwa, aliyepo pale aanze kumkandamiza kifua na asiache. Kila kikosi kiwe na watu wawili wasiopungua wanaoijua kazi hiyo na waliowahi kufanya mazoezi ya kumteremsha mtu asiye na fahamu kutoka juu ya nguzo. Wawili, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa ndiye aliyepigwa. Na kwa sababu hiyo hiyo asitumwe mtu peke yake kwenye waya mkubwa, hata kama ni kazi ya kubadilisha fyuzi moja.

Sasa tuwarudie wananchi, maana tumewasema wakubwa na sisi wenyewe tumebaki. Tunapolalamika kwamba kazi ya saa mbili imechukua saa tatu, tuulize kwanza ile saa ya tatu ilitumika kwa nini. Waya ukianguka njiani, watu wakae mbali hatua kumi na zaidi, na wasimngoje polisi kuwazuia watoto. Tiara zisirushwe karibu na nyaya katika msimu wa kaskazi, na ikinasa iachwe, kwani fundi hakuwekwa kupanda kwa ajili ya tiara. Mwenye mnazi ulioinamia waya aseme mapema, badala ya kungoja uanguke kisha akadai fidia ya mnazi.

Na mwenye jenereta asiye na chenjiova, ama aifunge ama asiiwashe. Kabla ya masika kuingia, kila sheha angeweza kuiandika orodha ya nyumba, maduka na hoteli zenye jenereta au betri za jua katika shehia yake, na Shirika likatuma mafundi wake kuzikagua bila ya malipo na bila ya kumtoza mtu faini kwa ukaguzi wa mara ya kwanza. Wenye kukutwa na plagi mbili za kiume wapewe siku thelathini. Baada ya hapo nyumba hiyo ikatwe umeme mpaka itengenezwe, na hoteli iwe ya kwanza kukatwa kabla ya nyumba ya mjane. Orodha hiyo ibandikwe katika chumba kinachoendesha swichi, na nakala yake iwe ndani ya gari la kila kikosi, ili fundi anapofika chini ya nguzo ajue jenereta iko nyumba gani na aende kwanza kubisha hodi.